Maswali ya Walimu wa Hisabati: Tangi, Kelele na KCSE

Nina wanafunzi 60 katika darasa moja huku Umoja, Nairobi, na vifaa hakuna. Modeli za kihisabati, yaani kugeuza tatizo la maisha kuwa hesabu, nitazifundishaje?

Anza na tangi la shule, Mwalimu. Huko Eastlands, mashariki mwa Nairobi, hakuna mtoto asiyejua mgao wa maji. Waulize: tangi la lita 10,000 likijaa Jumatatu asubuhi, litatufikisha siku gani? Halafu nyamaza. Watabishana. Tuseme wanafunzi 600, kila mmoja lita 5 kwa siku. Na jikoni je? Vyoo? Kuamua kipi kihesabiwe na kipi kiachwe ndiyo kazi yenyewe. Kwa makisio hayo, maji yataisha Alhamisi. Hatakosekana wa kulaumu bomba linalovuja, naye mpe chaki: tone moja kila sekunde, matone 20 kwa mililita, ni lita 4 na ushei kwa siku. Bomba limesingiziwa! Alhamisi ikifika, mkachungulie tangi. Likiwa bado nusu, rudini kwenye makisio mtafute mlipokosea. Msiruke hatua hiyo hata kengele ikilia.

Mkuu wa idara anasema napoteza wakati, KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, iko mlangoni.

Ana hoja, karatasi mbili za alama 100 kila moja si mchezo. Lakini lile swali la grafu, la kukodisha mabasi na malori kwa gharama ndogo, ni modeli ambayo mtahini ameshaiunda. Aliyewahi kuunda yake haogopi maneno mengi ya swali. Omba kipindi kimoja kila wiki mbili, usiombe zaidi.

Nilijaribu, darasa likageuka soko. Wenzangu wanacheka. Nijikaze tu?

Hapana. Wanaopenda kutuambia tujikaze huwa hawana madaftari 60 ya kusahihisha usiku. Tafuta mwenzako mmoja, hata wa Fizikia, mpange somo pamoja. Wewe ufundishe, yeye aketi nyuma aandike wanafunzi walikwama wapi. Makosa yako asiyaguse. Mafunzo ya SMASSE, ya kuimarisha ufundishaji wa Hisabati na Sayansi sekondari, yaliyoanza 1998 kwa msaada wa Japani, yalitufundisha kupanga somo, kulifundisha, kulitathmini na kuliboresha. Hatua hizo hazihitaji semina kule Karen, Nairobi. Na kelele za wanafunzi wanaobishania lita si utovu wa nidhamu.

Kwenye TPAD, ile tathmini ya utendaji wa mwalimu, nitaandika nini?

Lengo, shughuli, ushahidi, kama kawaida. Piga picha ubao wenye makisio yao kabla haujafutwa.