Mwinyi: cheo, jina la ukoo, na lile la "acha umwinyi"

Ndugu, umeuliza mambo mawili: kama akina Mwinyi wote ni ukoo mmoja, na kama ni kweli mwinyi maana yake ni mtu mvivu anayependa kutumikiwa. Jina hilo ndilo langu la tatu, na maswali hayo nimeulizwa tangu shule, kwa hiyo nakujibu kwa nilivyolelewa nalo na nilivyolisoma ukubwani.

Ukoo mmoja, hapana. Mwinyi kwa asili ni neno la heshima linalotangulia jina la mwanamume. Mwinyijuma, Mwinyikombo, Mwinyimvua, Mwinyihaji, yote hayo ni ya namna hiyo. Upande wa wanawake heshima hiyo hubebwa na Mwana: Mwanajuma, Mwanakombo, Mwanahamisi. Pwani ya Mrima, yaani pwani ya bara inayotazamana na Unguja, na visiwani majina haya yapo tele, lakini ukienda bara utapita darasa zima usimwone hata mmoja, ndiyo maana watu huko hulishangaa.

Kwetu lilivyogeuka kuwa jina la ukoo ni hivi. Babu alikuwa na jina la aina hiyo, refu, linalotamkwa kwa mkupuo mmoja. Baba alipoandikishwa shule, karani akalikata vipande viwili na kukichukua cha mbele tu. Ami yangu aliandikishwa kwingine, kwake likaandikwa lote. Leo watoto wa baba na watoto wa ami ni damu moja lakini vyeti vyetu havionyeshi hivyo, na dada yangu alizungushwa sana ofisi moja kwa sababu cheti cha kuzaliwa kilikuwa na "Mwinyi" peke yake na cha shule kilikuwa na jina lote la babu. Ikabidi aape kwa hati kwamba ni mtu yule yule. Kuna familia ambako matamshi nayo yamelifupisha jina, Mwinyijuma likawa Mwinjuma. Waliozoea Kinondoni wanaijua Barabara ya Mwinjuma, ila wengi hawajawahi kufikiri kwamba ndani yake yumo mwinyi.

Sasa maana. Mwinyi na mwenye ni neno moja lililotamkwa namna mbili. Ukilishika hilo, mengine yanafunguka yenyewe: mwenyeji, mwenyekiti, mwenyewe, mpaka Mwenyezi, yaani mwenye enzi. Mwinyi ni mwenye kitu, na kitu chenyewe zamani kilikuwa mji, ardhi na watu. Na neno hili si la pwani peke yake. Wafipa wa Rukwa mtawala wao humwita Mwene. Kusini zaidi, pande za Zimbabwe ya leo, kulikuwa na mfalme Mwene Mutapa, ambaye Wareno walimwandika Monomotapa, na magharibi kabisa mfalme wa Kongo wakamwandika Manikongo. Mimi nilipoyaona haya kwa mara ya kwanza nilifurahi mno, maana nilikuwa nimeambiwa miaka yote kwamba jina langu ni la Kiarabu. Si la Kiarabu. Ni Kibantu tupu.

Aliyelibeba kwa ukubwa kuliko wote kwetu ni Mwinyi Mkuu wa Unguja. Alikuwepo kabla Waomani hawajahamishia enzi yao kisiwani, na hata walipokuja aliendelea kutawala wenyeji wa mashamba kupitia masheha, yaani wakuu wa vijiji. Alama za utawala wake zilikuwa ngoma na siwa, ile baragumu kubwa ya kifalme. Muhammad bin Ahmad, aliyejenga jumba la Dunga katikati ya karne ya 19, alifariki mwaka 1865. Mwanawe Ahmad akafariki mwaka 1873, na cheo kikakoma hapo. Magofu ya Dunga yapo mpaka leo. Hata cheo cha sheha Zanzibar inacho bado, ingawa aliyekuwa juu ya masheha hayupo tena.

Bara nako neno lilifika na misafara. Ujiji, karne hiyo hiyo, mfanyabiashara mkubwa aliitwa Mwinyi Kheri.

Hapa ndipo penye swali lako la pili, na nitasema wazi. Mwinyi wa zamani alikuwa na watu wa kumlimia, na wengi wao walikuwa watumwa. Hilo halifichiki wala sitaki lifichwe. Kwa hiyo neno lilipoanza kumaanisha mtu asiyetoka jasho, halikuzuka hewani. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, siasa ilipohimiza kila mtu ale kwa jasho lake, umwinyi ukahesabiwa fungu moja na ukabaila na ubwanyenye, yaani maisha ya wenye ardhi na matajiri wanaoishi kwa jasho la wengine. Ukisikia "acha umwinyi" leo, maana yake acha kukaa ukingoja kuletewa. Ila lipo pia "kimwinyi" lisilo na ubaya wowote: mtu amekula kimwinyi, amekaa kimwinyi, yaani kwa raha, bila haraka.

Kinachoniuma ni pale neno linapobandikwa watu wa pwani wote, kana kwamba mvuvi anayeingia baharini usiku na mkulima wa mnazi ni mamwinyi. Mwalimu mmoja alikuwa akiniita hivyo kila nikichelewa kumaliza kazi, darasa linacheka. Wengi wetu ni wajukuu wa waliolima, si wa waliolimiwa, na jina lilishuka kwa wote kwa sababu kila mtu huru alitaka mwanawe aitwe kwa heshima.

Kuhusu viongozi: Ali Hassan Mwinyi alizaliwa Kivure, Mkuranga, tarehe 8 Mei 1925, akakulia Unguja, akawa Rais wa Tanzania 1985 hadi 1995, akafariki tarehe 29 Februari 2024. Mwanawe, Hussein, ni Rais wa Zanzibar tangu 2020. Vijana wengi jina hili wamelijua kwa hao tu, au kwa barabara ya Dar es Salaam na uwanja wa Tabora. Mimi si ndugu yao, na wengi wenye jina hili si ndugu yao.

Ukitaka kujua Mwinyi wa kwenu ni yupi, usianze na jina la tatu. Muulize mzee wa familia jina zima la babu lilivyotamkwa kabla karani hajalikata, kisha uulize alizikwa kijiji gani.