Dodoso au Mahojiano ya Kina? Ushauri kwa Wanaoandaa Utafiti wa Ustawi wa Jamii

Wanafunzi wengi wa ustawi wa jamii hunijia na pendekezo la utafiti ambalo mbinu yake imeshachaguliwa ilhali swali lenyewe bado halijakomaa. Mara nyingi mbinu hiyo ni dodoso, yaani orodha ya maswali yaliyopangwa tayari, kwa kuwa majibu yake huingia kwenye kompyuta bila usumbufu. Mimi huwashauri wajiulize kwanza mbinu hiyo itamwacha nani nje, na nani atanyamaza mbele yake.

Chukua utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009. Dodoso lililotumika kwa vijana wa miaka 13 hadi 24 lilionyesha kwamba takriban wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mahojiano ya watu wachache, hata yawe ya kina namna gani, hayawezi kuonyesha ukubwa huo wa tatizo. Isitoshe, wasichana na wavulana walihojiwa katika maeneo tofauti, ili aliyetendewa na aliyemtendea wasije wakahojiwa katika mtaa mmoja. Uangalifu wa namna hiyo ndio ninaouheshimu zaidi. Hata hivyo, sampuli ilitokana na kaya, na mtoto anayelala kwenye baraza za maduka hana kaya ya kubishiwa hodi. Huyo hufikiwa na mtafiti aliye tayari kukaa naye kijiweni mpaka amzoee.

Mahojiano nayo yana mitego yake. Niliwahi kumwuliza bibi mmoja anayelea wajukuu yatima kwamba jana yake walikula milo mingapi. Mjumbe aliyetuongoza alikuwa amesimama mlangoni, bibi akamtupia jicho, kisha akajibu, "Mmoja." Mjumbe alipoaga, bibi alieleza kwamba watoto hula pia kwa jirani, ila alihofia kwamba akilisema hilo hadharani jina lake litakatwa katika orodha ya kaya zinazopewa ruzuku. Dodoso lingeishia kwenye "mmoja". Kwa hiyo, mwombe mjumbe akutambulishe, umshukuru, kisha akuache.

Majadiliano ya vikundi yanafaa kwa mambo ya jumla, kama vile huduma za zahanati, lakini usimwulize mtu habari za kupigwa na mumewe mbele ya majirani zake. Majalada ya ofisi nayo husaidia, mradi ukumbuke kwamba yamebeba kile tu ambacho afisa aliona kinafaa kuandikwa.

Ukiweza, anza na mahojiano machache ili upate maneno ambayo watu wenyewe hutumia, ndipo uandike dodoso kwa maneno hayo. Muda wa tasnifu usipotosha kwa yote mawili, chagua moja, na katika sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, uandike bayana ni kina nani ambao hukuwafikia.