Ditekta inalia kila nikisogea ukutani: maswali yenu kuhusu kutafuta sarafu kwenye nyumba za zamani

SWALI: Habari mhariri. Nimenunua ditekta, ile mashine ya kutafutia metali ardhini, na tuna nyumba ya ukoo ina zaidi ya miaka 100, babu aliirithi kwa baba yake. Shida ni kwamba nikisogea karibu na ukuta mashine inalia mfululizo, nachimba napata misumari tu, yani misumari mpaka mgongo unauma. Nikiwasha ile setingi ya kuchuja chuma inanyamaza kabisa utadhani chini hakuna kitu. Mashine mbovu au nyumba ndo haina kitu?

JIBU: Mashine yako nzima kabisa ndugu yangu, na hiyo nyumba usiikatie tamaa hata kidogo. Fikiria nyumba ya miaka 100 imebadilishwa paa mara ngapi, madirisha mara ngapi, na kila fundi aliyepanda juu alikuwa anang'oa misumari na kuiachia idondoke chini, kwa hiyo ile mita moja mbili kutoka ukutani ni zulia la misumari. Sasa koili yako, ile sahani ya chini unayoipitisha juu ya udongo, inatuma mawimbi ya sumaku ardhini, yakikuta metali yanaamsha umeme kidogo ndani yake, na huo umeme unarudisha mawimbi juu, ndo unasikia mlio. Sarafu ikilala pembeni ya msumari vyote vinajibu kwa pamoja, mashine inasikia chuma zaidi, na wewe ukishaiambia ikinyamazie chuma inainyamazia na sarafu. Kimya hicho sio ushahidi kwamba chini hakuna kitu.

Tatizo lenyewe ni la kitambo sana. Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi, Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, akaleta kifaa chake cha kutafuta ile risasi mwilini, lakini godoro alilolalia rais lilikuwa na springi za chuma na zikamvuruga, risasi hakuipata. Misumari yako ndo springi za Bell.

Cha kufanya, kwanza tafuta koili ndogo. Koili kubwa inameza misumari kumi kwa mpigo, ndogo inapita katikati yao. Punguza nguvu ya mashine, ndio punguza, maana watu wengi wanaweka juu kabisa wakidhani watapata vya mbali na wanachopata ni kelele. Alafu ule mchujo wa chuma uzime au uweke chini kabisa uyasikie yote kwa masikio yako, uvae hedifoni, na upeleke koili taratibu sana, mkono usikimbie. Ukisikia katikati ya mikwaruzo kamlio kamoja kasafi, hata kafupi, simama hapo. Geuka robo mzunguko upitishe koili kwa upande mwingine: kakiendelea kulia pale pale na sauti ile ile, chimba, kakihama au kakikatika mara nyingi ni msumari uliolala. Mara nyingi nasema, sio zote, msumari uliopinda unadanganya hata wazoefu.

Mi mwenyewe niliwahi kupita kizingiti cha nyumba moja mara tatu siku tatu tofauti nikasema pamekwisha, ya nne nikapita nimebadilisha koili tu, nikatoa kifungo cha shaba cha koti, bado kina kijipete chake cha nyuma cha kupitishia uzi, kimelala katikati ya misumari miwili iliyopinda. Nilikishika kiganjani muda mrefu nikimuwaza aliyekipoteza.

Na usibaki ukutani tu. Jiulize watu wa hiyo nyumba walikuwa wanakaa wapi, wanainama wapi, wanatoa hela wapi: njia ya kutoka getini mpaka mlangoni, ngazi za mbele, chini ya mti mkubwa wa kivuli, kisimani, pale walipokuwa wanaanika nguo maana mifuko inapinduliwa hapo. Wazee wakiwepo kaa nao uwaulize mlango wa zamani ulikuwa upande gani, na picha za zamani zitafute, nusu saa ya maongezi inakuokolea wiki nzima ya kuchimba. Ila kabla hujachimba popote ujue nyaya za umeme na mabomba yamepita wapi.

SWALI: Nimepata sarafu ya fedha imekuwa nyeusi tii, na nyingine ya shaba ina kijani. Shemeji anasema nizisugue na dawa ya meno ziwake. Nifanye?

JIBU: Hapana hapana hapana. Mwambie shemeji asante lakini aache. Ule weusi ni fedha imekutana na salfa, na ule ukijani laini wa shaba ni ngozi yake iliyojijenga miaka yote hiyo, ukiisugua unaondoa na herufi, unabaki na mikwaruzo inayong'aa, na wakusanyaji wa sarafu wakiiona wanajua hapo hapo imeguswa na thamani inashuka. Hata kuifuta udongo na kidole shambani usifanye, chembe za mchanga zinakwaruza kama msasa. Iloweke kwenye maji yaliyochemshwa mvuke wake ukakusanywa, yale maji safi ya betri yasiyo na asidi, udongo uachie wenyewe, ikauke, basi. Ila ukiona kwenye shaba madoa ya kijani kilichofifia yanayomomonyoka kama unga, hiyo inaliwa na chumvi, itenge na wenzake, iweke pakavu sana na umpelekee mtu wa makumbusho aiangalie.

SWALI: Kuna nyumba ya kihistoria haina mtu, mlinzi kasema niingie tu. Na nikikuta nyingi kwa pamoja je, ni zangu?

JIBU: Mlinzi hana mamlaka ya kukupa ardhi isiyo yake. Tafuta mwenye nyumba, akuandikie ruhusa, na mkubaliane kabisa mapema mkipata kitu mnagawanaje. Alafu uliza kama nyumba imewekwa chini ya ulinzi wa mambo ya kale, kama imewekwa, ditekta ibaki nyumbani hata mwenyewe akikubali, mpaka upate kibali cha wahusika. Sheria zinatofautiana sana: Ufaransa kutafuta vitu vya kale kwa ditekta bila kibali ni kosa, Uingereza ina sheria ya hazina ya 1996 inayokupa siku 14 za kuripoti, Marekani kwenye ardhi ya serikali kuu sheria ya 1979 inalinda mabaki ya kale yaliyozidi miaka 100. Ya nchi yako isome kabla hujaingia.

Na ukikuta nyingi kwa pamoja, mikono juu, usichimbe tena. Mwaka 1992 kijiji cha Hoxne Uingereza mkulima alipoteza nyundo, akamuomba rafiki yake Eric Lawes amtafutie na ditekta, Lawes akakuta vijiko vya fedha na sarafu za dhahabu, akaacha kuchimba akatoa taarifa. Wataalamu wakachimba kila kitu kikiwa bado mahali pake, sarafu karibu 15,000 za Warumi, na wakaona mabaki ya sanduku la mbao na visanduku vya ndani, yani wakajua hazina ilipangwaje na mikono ya mwenyewe. Angezizoa kwenye ndoo hilo lisingejulikana milele. Kwa hiyo rudisha udongo juu, piga picha, pima umbali kutoka kona mbili za nyumba uandike na kina chake, umpigie mwenye nyumba na watu wa makumbusho, na mpaka wafike usimwambie mtu mwingine yeyote mahali penyewe.