Anzeni na nguo ya mama: rangi za picha ya familia kwenye vumbi la Dodoma

Nyumbani kwa wazazi wangu kuna picha mbili za familia zilizowekwa fremu. Moja ipo ukutani sebuleni. Nyingine ipo nyuma ya kabati la vyombo, imegeuziwa uso ukutani, na hiyo ndiyo iliyotugharimu zaidi.

Ya nyuma ya kabati tuliipiga Agosti 2019, wazazi walipotimiza miaka 40 ya ndoa. Tulipanga kwenye kundi la WhatsApp: watu 14, fulana nyeupe na jinzi, baada ya ibada tukutane kwenye mawe makubwa nje kidogo ya mji. Wazo lilikuwa langu, nakiri. Nilikuwa nimeona picha za namna hiyo mtandaoni, watu wanacheka ufukweni, nikasahau kwamba Dodoma hakuna ufukwe. Tulifika saa 7 mchana. Jua la utosi, upepo wa Agosti, na watoto wakakaa chini kabla mpiga picha hajafungua begi. Mnaijua ardhi yetu. Waliponyanyuka, kila mmoja alikuwa na duara jekundu matakoni.

Vumbi lingesameheka. Kilichotuua ni nyuso. Fulana zilitoka nyeupe safi, lakini Baba, ambaye ni mweusi tii, alionekana miwani na meno tu. Nilimlaumu mpiga picha kwa muda mrefu, mpaka nilipoanza kupiga mwenyewe ndipo nikaelewa. Kamera haijui kipi ni shati na kipi ni uso. Inapima mwanga wote ulio mbele yake na kutafuta wastani. Ikikuta weupe mwingi, inaona mwanga umezidi, inapunguza. Shati linapona, sisi wenye ngozi nyeusi tunageuka vivuli. Mpiga picha mzoefu huwa anairekebisha, lakini jua la saa 7 likiwa juu ya fulana 14 nyeupe, akiziongezea nyuso mwanga, fulana zinaungua na kuwa kama karatasi tupu. Kwa wanaopiga kwa simu: gusa uso wa mtu mweusi zaidi kwenye kioo, ukibaki giza pandisha mwanga kwa kidole. Ila dawa yenyewe ni kuacha nyeupe kali. Vaeni krimu, au ile rangi ya maziwa yaliyochemka. Inaonekana nyeupe pichani na haigombani na nyuso.

Tuliporudia, 2023, tulianza upande mwingine kabisa. Tulianza na Mama. Kila familia ina mtu mmoja asiyebadilishika, na wa kwetu ni yeye. Alisema, "Mimi nguo za vijana sivai. Mnipige na kitenge changu au mniache." Kitenge chenyewe ni damu ya mzee, kina maua ya haradali na vijani vya bluu iliyoiva. Basi nikamwendea fundi wake, nikaomba kipande kilichobaki alipomshonea, ukubwa wa kiganja tu, nikakitia kwenye pochi.

Kipande hicho kilifanya kazi kuliko ushauri wowote niliowahi kusoma. Nilikwenda nacho mitumbani. Kila shati niliyoshika nililiweka juu yake, kisha nikatoka nalo nje juani. Hapo pa kutoka nje msipapuuze. Chini ya turubai la bluu kila nguo inakuwa na ubluu. Kuna blauzi niliyodhani ni kijivu, nje ikawa zambarau. Muuzaji alinicheka ("dada, unanunua nguo au unapima damu?") lakini alinipunguzia bei. Nikapata mashati mawili ya haradali iliyofifia kwa wapwa zangu, gauni la bluu iliyoiva kwa dada, na la Baba krimu. Hakuna aliyefanana na mwenzake, na wote walitoka kwenye kitambaa kimoja.

Najua wengi mnapenda sare. Nami nazipenda, harusini. Kwenye picha ya watu wengi waliosongamana, kitenge kimoja chenye maua makubwa kikivaliwa na wote kinaungana, mikono haijulikani ya nani, mnakuwa pazia moja lenye vichwa 14. Mtu mmoja au wawili wabebe maua. Waliobaki wavae rangi tupu zilizomo ndani ya maua hayo.

Jambo la pili ni ardhi mtakayosimama juu yake. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na miezi iliyobaki ni kiangazi. Kiangazi majani ni rangi ya kaki, mibuyu imepukutika, udongo ni mwekundu. Ukivaa kaki au hudhurungi unapotelea humo, kinabaki kichwa kinaelea. Tazameni vikundi vya ngoma za Kigogo: kitambaa cheusi, shanga za rangi kifuani, na chini vumbi tupu. Unamwona mtu toka mbali. Kwa hiyo kiangazi nendeni na rangi nzito: damu ya mzee, bluu iliyoiva, kijani cha chupa. Mvua zikishanyesha, kilima kizima ni kijani, hapo kijani ndicho kiachwe kabatini na krimu na waridi zitoke.

Rangi za kung'aa sana zina lake. Kaka yangu alishuka kutoka Dar na shati la kijani kile cha kalamu za kupigia mistari, hakusikia la mtu. Alimbeba mwanawe wa miezi 8. Kwenye picha, kidevu cha mtoto na upande mmoja wa shavu vimegeuka kijani, kama amepakwa embe bichi. Jua linagonga shati, shati linarusha rangi yake kwenye ngozi iliyo karibu. Nyekundu kali inafanya vivyo hivyo. Tulimvua shati, akapewa la shemeji, likambana tumboni, na bado lilikuwa afadhali.

Mistari myembamba sana pia iacheni, kwenye kamera huleta mawimbi ya ajabu. Na maandishi makubwa kifuani, hasa fulana za kampeni, hayo sina haja ya kueleza.

Siku moja kabla, tandikeni nguo zote kitandani karibu na dirisha, zikiwa zimepangana kama watu watakavyosimama. Pigeni picha kwa simu, kisha igeuzeni iwe ya nyeusi na nyeupe. Zote zikiwa kijivu kilekile, picha itapoa; badilisheni moja iwe nzito au nyepesi zaidi. Mimi hapo ndipo niligundua kuwa haradali na krimu zetu zilikuwa zinalingana mno, nikamhamishia mpwa mmoja upande wa pili.

Na masweta! Juni na Julai asubuhi ya Dodoma inauma, watoto watatetemeka, na mtu atatoa begini sweta la shule. Chagueni la kujikinga na baridi mapema, la rangi iliyomo kwenye mpango, au pigeni jioni. Sisi tulipiga saa 11 na nusu jioni. Mwezi Juni jua linazama saa 12 na nusu na dakika chache, kwa hiyo tulikuwa na kama saa nzima ya mwanga laini, ule unaozifanya nyuso nyeusi zing'ae kama zimepakwa mafuta.

Kosa moja lilipita. Mama alitandika khanga mapajani ili kitenge kisishike vumbi, na hakuna aliyekumbuka kuitoa. Ilikuwa krimu na damu ya mzee, inaendana na kila kitu, kwa hiyo macho yetu yaliipita. Ni fremu ilipotundikwa ndipo tulipoona maneno yanasomeka vizuri kabisa: MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Mama anasema hakuichagua, ilikuwa ya juu kwenye sanduku. Wakwe zangu walipokuja kututembelea walikaribishwa kwenye kochi linalotazamana nayo. Mama mkwe aliitazama kwa muda, akasema picha imetoka vizuri, rangi zimependeza.