Majibu kwa Wasomaji: Jikoni na Mazoezi Wakati wa Ujauzito

Nina mimba ya miezi minne. Kipimo kilionyesha hemoglobini 10.2, nikapewa vidonge vya madini ya chuma. Vinanichafua moyo, kwa hiyo navimeza na chai. Mama mkwe ananipikia maini kila siku, lakini damu haipandi. Kwa nini?

Dada, anza na hiyo chai. Ndani yake mna viambata vinavyoyashika madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini, na kahawa ni hivyo hivyo. Maziwa na vidonge vya kalisi navyo huzuia. Meza kidonge chako kwa maji au juisi ya chungwa, na chai uiweke mbali: saa moja kabla, saa mbili baada. Tumbo likiwa tupu kidonge hufanya kazi vizuri zaidi, ila kama kinakuchafua moyo, kimeze baada ya kula au unapokwenda kulala. Afadhali kiingie kidogo kuliko ukitapike chote. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni rangi ya chuma. Ukishindwa kabisa, usiache kimyakimya. Waambie kliniki wakubadilishie dozi au aina.

Maini ya kila siku yasimame. Yana chuma kweli, lakini vitamini A yake ni nyingi mno, na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto, hasa miezi ya mwanzo viungo vinapoumbika. Mweleze mama mkwe kwa upole, maana nia yake ni njema, na umpe kazi nyingine: nyama nyekundu iliyoiva hadi ndani, au maharage. Maharage yalale kwenye maji usiku kucha, na maji hayo yamwagwe, kwa kuwa yanaondoka na sehemu ya vitu vinavyozuia chuma. Yachemke hadi punje ibonyee kati ya vidole viwili bila kugoma. Limau likamuliwe mezani, si sufuriani: vitamini C ndiyo inayosaidia chuma kuingia, na moto huiharibu.

Nina miezi saba. Nikilala chali kufanya mazoezi ya tumbo, kichwa kinazunguka. Niache mazoezi?

Acha kulala chali, mazoezi endelea nayo. Mfuko wa uzazi ukishakuwa mzito hugandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na kizunguzungu chako kinatoka hapo. Badala yake simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja usawa wa mabega, kunja viwiko taratibu, kisha jisukume urudi. Au kaa na kuinuka kwenye kiti kisichoteleza, mara 10, pumzika, rudia. Usibane pumzi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mjamzito asiye na kizuizi cha kitabibu; kutembea nusu saa siku tano kunatosha. Mwendo ni sawa kama unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Ukiona damu au maji ukeni, maumivu ya kifua, tumbo kukaza kwa maumivu, au mguu mmoja kuvimba na kuuma, simama na uende hospitali.

Mke wangu mjamzito hapendi harufu ya kukaanga, kwa hiyo napika mara moja kwa siku kadhaa. Ni salama?

Ndugu, siku kadhaa ni nyingi. Bakteria wa listeria huendelea kuzaana hata ndani ya friji, na kwa mjamzito wanaweza kuleta mimba kuharibika. Gawa chakula kwenye vyombo vifupi kipoe haraka, kiingie frijini kabla ya saa mbili kupita, na kiliwe ndani ya siku mbili. Pasha kile cha mlo huo tu, hadi mvuke utoke katikati. Ukitumia maikrowevu, koroga katikati ya kupasha, kwani huacha sehemu baridi. Kisichoisha usikipashe tena. Kwa harufu, chemsha au oka badala ya kukaanga, dirisha likiwa wazi na yeye akiwa chumba kingine.