Usitoke Tanga Jumamosi! Hiyo ndege ni ya usiku wa kuamkia Jumamosi

Mkuu, futa hiyo ratiba. Umeuliza Dar hadi Guangzhou, China, ni kilomita ngapi, saa ngapi angani, ubebe dola au yuan, halafu ukachomekea kwamba tiketi yako ni Jumamosi 03:40 na basi la Tanga unapanda Jumamosi hiyohiyo asubuhi. Hapo ndipo nilipoiacha chai yangu.

Kilomita ni kama 8,700 kwa mstari ulionyooka. Ila wewe unapitia Doha: 3,800 kwanza, kisha 6,200, jumla 10,000. Zile saa 9 na ushee unazopewa na kikokotoo cha umbali ni za kunguru asiyeshuka popote. Haya, tuachane na kilomita, mimi hazikuniumiza.

Tiketi yangu iliandikwa tarehe 15, 02:20. Saa niliigeuza vizuri, mbili ongeza sita, saa 8 usiku, nikajiona msomi. Tarehe 15 saa 12 asubuhi niko stendi ya mabasi ya Kange, Tanga, na mabegi mawili. Muheza nikanunua machungwa ya kumpelekea mwenyeji wangu (ndiyo, machungwa, China, cheka tu). Saa 11 jioni niko mlangoni uwanja wa ndege, najisifu nimewahi kwa saa 9 nzima. Askari akasoma karatasi, akaniangalia, akasoma tena.

"Mzee, hii imeshaondoka."

"Imeondokaje na ni ya saa 8 usiku?"

"Ndiyo hiyo. Saa 8 ya usiku uliolala kwenu."

Wakala aliyenikatia tiketi nilimpigia palepale. Eti, "Si imeandikwa, mzee?" Imeandikwa! Siku nalipa alinishika mkono akaniambia "safari njema ya tarehe 15". Kuniambia "uwe uwanjani tarehe 14 usiku" kungempunguzia nini? Kubadilisha tiketi kulinila laki tisa na ushee, na machungwa nikayamaliza mwenyewe gesti.

Kinachoniuma zaidi, mimi mtoto wa Tanga, nimekaa chuo cha Kurani, najua tangu utotoni kwamba usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likishazama. Kwenye kisomo nilijua, kwenye tiketi nikasahau!

Tarehe ya tiketi inageuka saa 6 usiku. Ukiona saa inaanzia 00 hadi 05, nyumbani unatoka JANA YAKE. Yako ni saa 9 na dakika 40, usiku wa kuamkia Jumamosi. Ijumaa ikiisha, saa 6 ya usiku huohuo, uwe uko ndani ya uwanja na begi lako. Tena usitoke Tanga Ijumaa mchana, maana kilomita 350 za Segera, Chalinze na foleni ya Kibaha hazina adabu kama za angani.

Piga simu ofisi ya basi sasa hivi wakubadilishie, iwe Ijumaa asubuhi. Wakikusumbua, tupa hiyo nauli, kata nyingine. Ukishapata siti rudi hapa uniambie, nimalizie chai.