Kabla hujatuma pesa Japani, uliza tairi la akiba liko wapi

Mpwa wangu anafanya kazi Kigoma. Usiku mmoja alinitumia picha kumi na nne za gari kwa mpigo. Jeupe la kumeremeta, taa nyembamba kama macho ya mtu anayesinzia, viti vya ngozi, skrini katikati kubwa kama ya televisheni ya mama ntilie. Chini akaandika: "Shikamoo mjomba. Hili la 2021, nilipie?"

Nilizitazama zote. Hakuna hata moja iliyopigwa chini ya gari. Hakuna iliyoonyesha buti likiwa wazi na zulia limeinuliwa. Nikamjibu: "Marahaba. Muulize muuzaji tairi la akiba liko wapi." Akanyamaza hadi asubuhi.

Swali hilo nimelilipia. Naishi Tabora, Ipuli, na riziki yangu ni asali: naifuata vijijini, naichuja, naiuza. Miaka michache nyuma niliuza Noah yangu iliyochoka nikaagiza moja ya haya magari ya kisasa ya juu-juu, ambayo kwa macho ni Land Cruiser na kwa tabia ni Corolla. Jina lake silitaji, maana uzembe ulikuwa wangu. Niliangalia rangi, mwaka na bei. Nikaona inatosha.

Siku moja nilikuwa natoka upande wa Ulyankulu, nyuma nina ndoo nane. Wanaozijua njia zetu wanajua visiki: mti wa miombo umekatwa usawa wa udongo, majani yamefunika, wewe unakwepa shimo unapanda juu yake. Tairi la mbele likachanika ubavuni, mpasuko wa kuingiza vidole viwili. Nikafungua buti, nikashusha ndoo moja moja, nikainua zulia. Mahali pa tairi la akiba palikuwa na sponji nyeusi, pampu ndogo ya umeme na chupa ya gundi.

Gundi ile si utapeli. Msumari ukitoboa sehemu inayokanyaga barabara, unaimimina, unajaza upepo, unajikongoja hadi kwa fundi. Lakini ubavu uliochanika haiuzibi, na kule Japani wala hawana shaka, maana mtu anapiga simu gari la kuvuta linakuja. Mimi nilipiga simu kwa shemeji. Bodaboda alilibeba tairi langu mgongoni hadi mjini, na mjini hakuna duka lililokuwa na saizi yangu, 225/55R19. Likaagizwa Dar, likaja na basi. Usiku wa kwanza nililala ndani ya gari nikilinda asali dhidi ya watu, na asubuhi nikailinda dhidi ya nyuki, ambao walikuwa wameshasikia harufu.

Kwa hiyo naanzia kwenye matairi, ingawa wengi huyaweka mwisho. Gari la toleo moja, mwaka mmoja, hutoka kiwandani na rimu tofauti kulingana na daraja lake, yaani kiwango cha vifaa na bei. Harrier ya umbo lililoanza 2020, kwa mfano, ipo yenye 225/65R17, yenye 225/60R18 na yenye 225/55R19. Ukisimama mbali, matairi yote yana kimo kinachokaribiana. Tofauti ni kiasi cha mpira kati ya rimu na barabara. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya mwisho ni rimu kwa inchi, na ile ya katikati ni kimo cha mpira kwa asilimia ya upana huo: 65 ya 225 ni karibu milimita 146, 55 ni karibu milimita 124. Sentimita mbili na kidogo. Ukiwa Samora Avenue hazina maana. Ukiwa kwenye makorongo ya Sikonge ndizo zinazoamua kama jiwe litaishia kwenye mpira au litakunja rimu. Daraja lenye rimu ndogo huwa pia ndilo lenye bei ya chini, na watu hulikwepa kwa sababu halina mbwembwe. Waache walikwepe.

Jambo la pili ni tumbo la gari. Matangazo huandika umbali kutoka ardhini: Forester za karibuni milimita 220, CX-5 milimita 210, nyingine zinazofanana nazo kwa umbo unakuta 190 au pungufu. Namba hizo ni za gari tupu. Sasa chukua ndoo ya lita 20. Ya maji ina kilo 20. Ya asali ina kama kilo 28, kwa sababu asali ni nzito kuliko maji. Ndoo nane ni kilo 224, zote nyuma ya ekseli, kabla hata mke wangu hajapanda. Gari linakaa matako, pua inatazama juu, na eksozi inaanza kuchora mstari katikati ya barabara. Karatasi za Kijapani huhesabu kila abiria kuwa ni kilo 55. Kuna wazee wa ukoo wetu ambao kwa hesabu hiyo kila mmoja ni abiria wawili.

Ushauri wangu, na wauzaji wengi hawaupendi: nenda kwa mtu mwenye gari la aina hiyo hapa hapa mjini, mwombe mpakie watu watano na mzigo wenu wa kawaida, halafu chuchumaa utazame chini. Angalia ni kitu gani kiko chini kuliko vyote. Kikiwa ni bamba la plastiki, sawa. Ikiwa ni sampo ya injini, lile bakuli la oili, utahitaji kinga ya chuma, na kinga hiyo nayo inapunguza kimo.

Kuhusu mwaka, tusidanganyane na namba. Hapa mtu akiona namba E, yaani ya usajili yenye herufi zinazoanzia E, anasema gari jipya. Namba inasema limesajiliwa Tanzania lini, basi. Nimeona namba E kwenye gari la 2007. Na hata mwaka wa kutengenezwa hausemi yote, kwa sababu gari la 2019 linaweza kuwa la mwisho la umbo la zamani, likiwa limesharekebishwa makosa yake yote, na la 2020 likawa la kwanza la umbo jipya, ambalo mafundi wetu hawajalifungua hata mara moja. Kati ya hayo mawili nachukua la mwisho la umbo la zamani bila kufikiri. Spea zake ziko Kariakoo, hadi hapa Tabora utapata bushi na shokapu zake, na kijana wa gereji anajua sensa ipi huwa inasumbua.

Mwaka unaingia pia kwenye kodi. TRA huongeza ushuru wa uchakavu gari likifikisha miaka minane tangu litengenezwe, na huongeza zaidi likipita kumi. Ushuru wa bidhaa nao hupanda injini ikizidi cc 2,000. Ndiyo maana gari la 2.0 lenye cc 1,986 na haibridi (ya petroli na umeme) ya 2.5 yenye cc 2,487 yanaweza kulingana bei Japani na yakaachana bandarini. Kikokotoo kiko kwenye tovuti ya TRA. Weka mwaka, injini na aina kabla hujaanza kubishana na muuzaji. Mimi nilikokotoa baada ya kulipa. Usiniige.

Haibridi ndiyo inayonipa maswali mengi siku hizi, na si ajabu, kwa sababu kuikwepa kunazidi kuwa vigumu. RAV4 mpya iliyotambulishwa Mei 2025 haina tena ya petroli pekee. Yote ni haibridi, au haibridi ya kuchaji. X-Trail iliyoanza kuuzwa Japani 2022 injini yake kazi yake ni kuzalisha umeme, na magurudumu yanasukumwa na mota. Mafuta yanaokolewa kweli, hasa kwenye foleni. Ila Tabora hatuna foleni. Tuna vumbi.

Betri kubwa ya haibridi hupozwa kwa hewa, na kwenye magari mengi ya aina hii hewa hiyo huvutwa kutoka ndani ya gari, kupitia matundu yaliyo chini au pembeni ya kiti cha nyuma. Kuna feni na kichujio hapo. Mwenye gari hajui, na anayeosha gari hajui. Mimi nilikuwa naweka magunia palepale, nikiyaziba matundu, kiangazi, madirisha wazi. Taa ya onyo ilipowaka, mtu mmoja aliniambia betri imekufa, na bei aliyotaja ilinikosesha usingizi. Fundi mwingine alitoa kile kichujio, akakikung'uta nje ya gereji, vumbi jekundu likamwagika kama la tofali. Akasafisha feni, akafuta onyo, betri ikaendelea na kazi. Kwa hiyo haibridi usiiogope. Jua matundu yako wapi, yaache wazi, na kuanzia Juni hadi mvua zikianza Novemba kichujio kisafishwe kila unapobadilisha oili.

"Four wheel" nayo ina maneno. Magari mengi ya aina hii yanayoletwa kutoka Japani husukuma magurudumu ya mbele tu, ingawa umbo linakuambia vingine. Zamani ulikuwa unainama, ukiona propela shafti inaenda nyuma unaridhika. Kwenye haibridi za Toyota za aina hii kipimo hicho hakifai, kwa sababu zilizo four wheel zina mota ya umeme yenyewe nyuma na hakuna shafti. Angalia maandishi ya daraja kwenye karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi gari linapouzwa Japani. Na hata ikiwa nayo, hii si ile ya Prado yenye gia nzito. Ukikwama kwenye mchanga ukaendelea kukanyaga, mfumo unapata joto, unajizima, unabaki na miguu ya mbele. Giaboksi za CVT, zile otomatiki zisizo na gia za ngazi, hazipendi mchezo huo pia, na oili yake si ile haidroliki ya kila gari: Nissan nyingi zinataka NS-3, Toyota nyingi za karibuni zinataka CVT FE. Nunua mwenyewe, kaa pale fundi anapomimina.

Kamera na rada zinazotazama barabara, kwa kifupi: kwenye magari mengi rada imekaa nyuma ya nembo ya mbele. Ukifunga ngao ya chuma mbele yake umeiziba macho. Kamera imekaa juu ya kioo cha mbele, na kioo kikibadilishwa inatakiwa kupangwa upya kwa mashine, kazi ambayo si kila gereji inaiweza. Kengele ya kukuonya umetoka kwenye mstari wa barabara, huku ndani kusiko na mistari haina la kusema. Redio ya Kijapani haifiki masafa yetu yote bila kifaa cha kuongezea, na baadhi hudai kadi ya ramani ambayo mwenye gari wa kwanza alibaki nayo. Omba picha ya redio ikiwa imewashwa.

Mpwa wangu alinipigia asubuhi. Muuzaji amemjibu: tairi la akiba halipo, kuna gundi, rimu ni 19, inasukuma mbele tu. Kazi yake humpandisha vijiji vya milimani Buhigwe, kwenye udongo mwekundu ambao ukilowa hata mbuzi anateleza.

"Sasa mjomba, nifanyeje? Rangi yake nimeipenda."

Nikamwambia atafute la rimu 17, four wheel, lenye tairi chini ya zulia, na atume picha ya tairi hilo likiwa limeshikwa na mtu. Wiki iliyofuata ikaja. Gari la kijivu, 2018, umbo la zamani. Mjapani mmoja aliyevaa glovu amelinyanyua tairi la akiba, jembamba, lile la dharura la kwenda mwendo wa 80.

Nimemwambia alipie, na kabla halijatoka Dar atafute rimu ya tano ya saizi kamili. Hilo jembamba ataninunulia bia siku atakapolitumia Buhigwe.